Al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyeacha jina lake kwenye fulusi

Katika soko la Nakawa, kando ya Barabara ya Jinja, mama muuza nyanya huziita hela alizozifunga kwenye ncha ya leso ensimbi. Mteja wake aliyezaliwa Mombasa huziita pesa. Wanaelewana bila taabu, na hakuna kati yao anayekumbuka kwamba ensimbi ni kauri, zile simbi za Bahari ya Hindi zilizopanda bara kwa njia ya biashara hadi zikawa fedha ya Buganda. Wala hakuna anayekumbuka kwamba pesa ilikuwa jina la kisarafu cha shaba kilichotoka India, ambacho Seyyid Barghash wa Zanzibar alikipiga kwa jina lake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Mzee wa pwani mwenye Kiswahili cha zamani atakuwa na neno la tatu, fulusi. Hilo lilianzia katika Kiarabu, ambamo fals moja, au fulus nyingi, ni sarafu ya shaba nyekundu isiyo na thamani kubwa, ya kununulia mboga na samaki.

Kazi ya kutafsiri habari humfanya mtu ayaangalie maneno kama haya mara mbili. Tunasema fedha, na fedha ni madini meupe. Tunasema fulusi, na hapo tumetaja shaba. Katika historia ya Waswahili yuko mtawala mmoja ambaye jina lake limetufikia kwa njia ya dhahabu na shaba pamoja, pamoja na kalamu ya msafiri aliyepita mjini kwake kwa muda mfupi. Huyo ni al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa, aliyetawala takriban kati ya mwaka 1310 na 1333, na ambaye watu wake walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa.

Hakuzaliwa katika ukoo uliokuwa umekaa sana kwenye kiti cha enzi. Babu yake, al-Hasan bin Talut, aliutwaa utawala wa Kilwa karibu na mwaka 1277 kutoka kwa ukoo uliotangulia, ule ambao masimulizi ya pwani yanaunasibisha na Shiraz. Ukoo mpya uliitwa Mahdali na ulijinasibisha na masharifu wa Yemen. Kwa watu wa Kilwa mabadiliko hayo yalimaanisha kwamba macho ya mji, yaliyokuwa yakielekea Ghuba ya Uajemi, sasa yalielekea Aden na Makka. Kitabu cha historia ya Kilwa, ambacho nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London, kinasimulia kwamba al-Hasan alikwenda Aden akiwa kijana mdogo kutafuta elimu ya dini, akahiji, na kwamba nduguye Daud alikikalia kiti kwa niaba yake mpaka aliporudi. Daud alimwachia ndugu yake utawala bila vita. Jambo hilo halikuwa la kawaida katika majumba ya kifalme ya zama zile, na Daud huyu tutakutana naye tena.

Kilwa aliyorudia ilikuwa mji tajiri. Kusini kabisa, katika bandari ya Sofala, dhahabu ilikuwa ikishuka kutoka nyanda za juu ambazo leo ni Zimbabwe, na Kilwa ndiyo iliyokuwa imeishika biashara hiyo. Sababu yake ni pepo za msimu. Jahazi linalotoka Arabuni au India kwa kaskazi lingeweza kufika Kilwa na kurudi na kusi katika msimu ule ule, lakini kulifikisha Sofala na kulirudisha kulimgharimu nahodha kukaa pwani muda mrefu zaidi. Hivyo Kilwa ikawa mahali pa kukutania. Dhahabu na pembe za ndovu zilingoja ghalani, nguo na ushanga vikangoja upande wa pili, na katikati akakaa sultani akitoza ushuru.

Kwa ushuru huo al-Hasan alijenga. Juu ya jabali linaloitazama bahari, mwendo mfupi nje ya mji, aliinua jumba ambalo leo linaitwa Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 vya mawe ya matumbawe na chokaa. Lilikuwa na nyua zilizozungukwa na ngazi za kukalia, kuba, maghala ya bidhaa, na birika la kuogelea lenye pande nane. Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alionyesha kwamba jumba hilo halikukamilika na halikukaliwa kwa muda mrefu. Al-Hasan pia aliupanua msikiti mkuu wa mji mara kadhaa zaidi ya ukubwa wake wa awali na kuuwekea ukumbi wenye kuba kwa ajili yake mwenyewe. Mafundi walikuwa wamejaribu jambo lililozidi uwezo wa nguzo zao: sehemu kubwa ya jengo hilo ilianguka, na mji ukakaa na magofu hayo hadi karne ya 15 ulipoujenga upya.

Turudi kwenye shaba, kwa maana hapo ndipo sultani huyu anapokutana na mtu wa kawaida.

Kupiga sarafu halikuwa jambo geni pwani. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapa hapa. Lakini kufikia zama za al-Hasan, Kilwa ilikuwa imezoea shaba. Sarafu zake ni vidude vyembamba vya mviringo, upana wa ukucha wa kidole gumba hivi, na uzito wake hautabiriki: moja nzito, nyingine nyepesi, kana kwamba fundi hakuwa na haja ya mizani. Hazina tarehe. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mungu, Mwenye kuneemesha, na upande wa pili una jina la sultani, na maneno ya pande hizo mbili yana vina. Ukiigeuza sarafu, unausoma mstari mmoja wa maneno uliokatwa katikati na unene wa shaba. Sijui nchi nyingine ambako mnunuzi wa dagaa alilipa kwa vina. Watawala kadhaa wa Kilwa walifanya hivyo kabla yake na baada yake, na al-Hasan aliifuata desturi.

Ili kuona kwa nini jambo hilo lina uzito, hatuna budi kuvuka bahari. Mwaka 1258 Wamongolia chini ya Hulagu waliiteka Baghdad na kumuua khalifa. Kwa zaidi ya karne tano, jina la khalifa lilikuwa ndilo lililoipa sarafu ya Kiislamu heshima yake katika nchi nyingi, na sasa halikuwapo. Katika Iran na Iraq watawala wa Kimongolia, waliojulikana kama Mailkhani, waliendelea kupiga sarafu zenye maandishi ya Kiarabu, na baadaye wakayaongezea maandishi ya Kiuighuri, yaliyokuwa maandishi ya Wamongolia. Fulusi za shaba zilipigwa mji kwa mji, na nyingi hazikusafiri mbali na mahali zilikozaliwa. Mfanyabiashara mkubwa hakuzijali. Alizijali mwoka mikate.

Mwaka 1294 mtawala wao Gaykhatu, akiwa ameimaliza hazina yake, aliamuru katika mji wa Tabriz kwamba watu waache fedha na dhahabu na watumie karatasi, kwa kuiga mtindo wa China, na atakayekataa auawe. Wenye maduka walifunga milango, chakula kikatoweka sokoni, na katika muda wa miezi miwili hivi amri ikafutwa. Mwaka uliofuata Gaykhatu mwenyewe aliuawa. Ghazan, aliyeshika utawala mwaka huo huo wa 1295 na kusilimu, ndiye aliyezirudishia sarafu za fedha uzito wa kuaminika.

Kisa cha pili kilitokea wakati ule ule al-Hasan akiwa hai. Huko Delhi, karibu na mwaka 1330, Sultani Muhammad bin Tughluq alitoa sarafu za shaba na za shaba njano akaamuru zipokewe kwa thamani ya sarafu ya fedha. Kila mwenye tanuri la kuyeyushia akaanza kupiga zake nyumbani. Kufikia mwaka 1332 hivi sultani alilazimika kuzirudisha hazina kwa kulipa fedha halisi, na milima ya shaba isiyo na kazi ikabaki nje ya ngome yake.

Kilwa haikuhitaji kuambiwa jambo hilo kwa barua. Bandari ya Hormuz iliiunganisha Iran ya Wamongolia na Bahari ya Hindi, na vyombo vya kijani vya China, nchi iliyokuwa chini ya Wamongolia wa nasaba ya Yuan, vimechimbuliwa katika jumba la Husuni Kubwa lenyewe. Habari za masoko zilisafiri na bidhaa. Lakini shaba ya Kilwa haikuwahi kudai kuwa kitu kingine. Haikujifanya fedha wala dhahabu. Ilitumika kisiwani, na katika visiwa vya jirani kama Songo Mnara na Mafia, kwa manunuzi madogo, na iliendelea kupokewa hata mtawala aliyeipiga alipokuwa amekufa zamani. Wachimbaji hukuta majina ya masultani walioachana kwa miaka mingi yamelala pamoja katika mfuko mmoja uliooza. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja kubwa zaidi inayoweza kutolewa kwa ajili ya utawala wa Kilwa, kubwa kuliko kuba na birika: kwamba mwanamke muuza samaki aliipokea sarafu ya mtu aliyekufa bila kuuliza nani anakaa kwenye kiti.

Dhahabu ilikuwa na safari nyingine. Mwaka 1991 mtaalamu wa sarafu Helen Brown alichapisha maelezo ya sarafu tatu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Hadi hapo wengi waliamini kwamba mji ule uliopitisha dhahabu nyingi kuliko mwingine wowote pwani haukuwahi kupiga sarafu ya dhahabu. Mtu hapigi dinari ili kununulia ndizi. Sarafu hizo zilikuwa tangazo: kwamba huyu ni mtawala miongoni mwa watawala wa Kiislamu, anayestahili kutajwa pamoja na wa Misri na Yemen.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri kutoka Tangier, Morocco, Ibn Battuta, akiwa na umri wa miaka 27. Alikuwa amepitia Mogadishu na Mombasa. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akaeleza kwamba nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao, na kwamba watu wake walikuwa wacha Mungu wa madhehebu ya Shafi. Kuhusu sultani alieleza mtu mnyenyekevu aliyekaa na mafukara, akala nao, na akawaheshimu masharifu waliokuja kumtembelea kutoka Hijaz na Iraq.

Kisa alichokisimulia ndicho kilichomfanya al-Hasan kuwa mashuhuri. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini kwenda nyumbani, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani. Sultani akamuuliza haja yake. Yule mtu akaziomba nguo alizozivaa sultani wakati ule. Al-Hasan akakubali papo hapo, akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na fukara akaitwa kuzichukua zile. Watu waliokuwapo walifurahishwa sana na unyenyekevu huo. Mwana wa sultani, aliyekuwa mrithi wake, alizichukua nguo zile kutoka kwa fukara na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolishukuru tendo lake, akaamuru fukara aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaongeza kwamba zawadi nyingi za nchi ile zilikuwa pembe, na kwamba dhahabu ilitolewa kwa nadra.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi katika vitabu vya shule kama sifa. Na ni sifa. Lakini msomaji wa Kampala, ambaye huenda babu zake waliishi kwenye njia za misafara ya karne ya 19, hawezi kuipita idadi ile haraka. Watumwa ishirini. Fukara aliyeomba kanzu aliondoka na watu ishirini, na pembe ambazo mtu lazima azibebe. Msafiri yule yule anaeleza zilikotoka mali hizo: sultani alifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi za watu wa bara waliopakana naye, akateka nyara, na akatenga fungu la tano litumike kwa njia zilizotajwa katika Kurani. Fungu la masharifu aliliweka hazina peke yake, na ndilo alilowapa walipofika. Ukarimu wake ulikuwa na utaratibu, na hesabu yake ilikuwa safi. Walioulipia hawakuwamo msikitini Ijumaa ile.

Simwandikii al-Hasan hukumu ya karne nyingine. Watawala wa Cairo, Delhi na Tabriz walitoa zawadi za namna hiyo hiyo, na wa Ulaya ya wakati ule hawakuwa na mikono mieupe zaidi. Ninachosema ni kwamba jina lile zuri, baba wa vipawa, lilitolewa na upande uliopokea. Upande wa pili haukuacha kitabu. Hata sarafu za shaba, ambazo zingeweza kuwa shahidi wao, hazikufika kwao kwa wingi. Nyanda za bara nyuma ya Kilwa ziliendelea kubadilishana nguo, ushanga, chumvi na majembe, na fulusi ikabaki kuwa fedha ya visiwa. Hapo ndipo unapoonekana mpaka wa utawala wake, wazi kuliko katika ramani yoyote: palipokoma shaba yenye jina lake, ndipo raia walipokoma na mawindo yakaanza.

Kuna sarafu moja inayokwenda kinyume cha maelezo haya. Katika magofu ya Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa, wachimbaji wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliokota sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Kwa thamani ya soko isingenunua hata yai. Huenda ilisafiri mfukoni mwa mtu wa pwani, au ilitolewa kama kitu cha kushangaza, au ilivaliwa. Kwa wanahistoria imekuwa na faida kubwa, kwani imeufunga mji ule wa mawe na zama za sultani mmoja anayejulikana kwa jina. Nyingine tano za Kilwa, si lazima ziwe zake, ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na tangu hapo zimezaa nadharia nyingi kuliko idadi yake.

Al-Hasan alikufa muda si mrefu baada ya ziara ya Ibn Battuta. Aliyemrithi ni Daud, yule yule aliyemtunzia kiti katika ujana wake, na msafiri anamweleza kuwa kinyume cha nduguye kabisa. Fukara alipomjia, Daud alimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi na kuondoka na kidogo sana, mpaka waombaji wakaacha kuja. Watu wamemcheka Daud kwa karne saba. Mimi namwonea huruma kidogo. Alirithi jumba ambalo halikuisha na msikiti ambao paa lake halikudumu, pamoja na foleni ya wageni waliozoea watumwa na pembe. Huenda alikuwa bahili kwa tabia. Inawezekana pia kwamba alikuwa amefungua hazina na kuhesabu.

Husuni Kubwa iliachwa ikawa pango la popo na mizizi ya miti. Wareno waliuteka mji mwezi Julai 1505. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2004, mawimbi yakiwa yanakula kuta za pwani, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Mgeni anayefika leo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hupanda ngazi hadi kwenye jabali, akaonyeshwa birika lenye pande nane, kavu, na bahari chini yake. Sarafu za dhahabu hazioneshwi hapo. Za shaba bado hufukuliwa katika ardhi ya kisiwa, kijani kwa kutu, na fundi wa kusafisha akizisugua taratibu kwa brashi, herufi za jina huanza kusomeka.